Kompyuta ndogo ya sebuleni: namna ya kuchagua mashine ya kutunza nyimbo, mahubiri na sinema za jamaa



Tunapotembelea jamaa nyumbani jioni, mara nyingi tunakuta televisheni moja na simu tano. Televisheni imezimwa kwa sababu abonema ya dekoda imekwisha. Kila mtoto ameinamia simu, anatazama kitu chake kwa mega zake. Nyimbo za kwaya ziko katika simu ya katibu wa kwaya. Mahubiri ya mzee aliyetuacha mwaka jana yako katika kadi ya kijana aliyekwenda kusoma Kampala. Simu ikianguka ndani ya maji, au ikiibiwa sokoni, hakuna awezaye kurudisha vilivyokuwamo.

Kwa miaka kadhaa washirika wamekuwa wakituuliza swali lile lile: je, inafaa kununua kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni, na kama inafaa, ni ipi? Tumeandika makala hii kulijibu kwa utaratibu, ili mtu aweze kuisoma nyumbani na kwenda nayo dukani. Jibu kwa kifupi ni hili: angalieni kwanza umeme wenu, kisha televisheni yenu, kisha mahali pa kuhifadhi. Mwendo wa mashine uwe wa mwisho. Wengi hufuata njia ya kinyume. Sisi pia tuliifuata, na ilitugharimu.

Tuna sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na tarehe 27 viongozi waliamuru sehemu ya mji wa Goma ihame. Tulitembea na wengine kwenda Sake. Njiani tulikuwa pamoja na jamaa moja ya kanisa letu. Walikuwa wameacha televisheni, viti na sufuria, lakini baba alikuwa amefunga ndani ya kitenge kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Tulimwuliza ni nini. Alijibu: «Ni sauti ya mama.» Mama yake alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kina mama, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Sisi tulikuwa tumeacha mahubiri yetu ya miaka kumi katika kompyuta kubwa ya mezani. Tuliporudi tuliikuta nzima, tukamshukuru Mungu, tukaendelea kama zamani bila kufanya nakala. Miezi michache baadaye umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza ile kompyuta pamoja na diski yake. Moto wa mlima haukuigusa. Uzembe wetu ndio ulioimaliza.

Mashine hii ni nini

Ni kompyuta kamili iliyofungwa ndani ya kisanduku kidogo, inayounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI na kuachwa hapo. Kazi yake ni kutunza nyimbo, video, picha na vitabu vya nyumba nzima, na kuvionyesha wakati wowote, intaneti iwepo au isiwepo.

Laptopu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini laptopu ni ya mtu mmoja, na mtu huyo akisafiri inaondoka naye. Dekoda inategemea abonema. Flashi iliyochomekwa nyuma ya televisheni ni njia nzuri ya kuanzia, ila televisheni nyingi hukataa baadhi ya faili, wala haziwezi kugawia simu za nyumbani vilivyomo.

Tuseme ukweli: kama televisheni yenu inasoma flashi vizuri na mna faili chache, hamhitaji kununua kompyuta bado. Fedha hizo nunueni diski ya pili kwa ajili ya nakala.

Kwanza, umeme

Kwetu mashariki umeme una vyanzo vingi. Wako wanaotumia mtandao wa SNEL, wako wanaopata umeme wa mabwawa yaliyojengwa kando ya Hifadhi ya Virunga, kama lile la Matebe lililofunguliwa mwaka 2015, na wako wengi wanaoishi kwa panno za jua na batri. Kila chanzo kinataka uangalizi wake.

Tufanye hesabu ya nyumba ya batri. Batri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina nguvu ya saa-wati 1200. Kama ni batri ya risasi, si vizuri kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo mna saa-wati 600. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 40 hivi. Kompyuta kubwa ya mezani ya zamani inaweza kula wati 80. Pamoja ni 120, na kwa saa tatu za jioni ni saa-wati 360. Siku mbili za mawingu zinatosha kuimaliza batri. Kompyuta ndogo inayokula wati 8, pamoja na televisheni ile ile, hutumia saa-wati 144 kwa jioni nzima. Sasa batri inavumilia jioni nne. Bado hatujahesabu taa, simu, na kile kinachopotea ndani ya konvetisa inayogeuza umeme wa batri kuwa volti 220.

Kutokana na hesabu hiyo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, katika nyumba ya jua kila wati ni mali. La pili, mkiisha kuwa na kompyuta ndogo, mlaji mkubwa ni televisheni. Ziko televisheni zinazokubali volti 12 moja kwa moja, nazo hupunguza upotevu.

Soma maandishi yaliyo kwenye adapta ya mashine kabla ya kulipa. Baadhi ya kompyuta ndogo mpya hutumia volti 12, jambo linalofaa sana nyumba za jua. Kompyuta ndogo zilizotoka ofisini hutumia volti 19 hadi 20. Raspberry Pi hutumia volti 5. Lakini msiunganishe mashine ya volti 12 moja kwa moja na batri. Batri inayochajiwa na jua hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ikichoka hushuka chini ya 12. Wekeni kati yao kifaa cha kusawazisha volti, kinachouzwa na mafundi wa solari kwa bei ndogo.

Kwa wenye umeme wa mtandao, adapta nyingi hukubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme dhaifu si shida kubwa. Adui ni ule unaorudi kwa kishindo. Nunueni stabilizatè nzuri, au onduleri ndogo. Kwa mashine za volti 12 na 5 ziko onduleri ndogo sana, zile zile zinazotumiwa kuwasha rauta za Wi-Fi umeme unapokatika. Dakika ishirini zinatosha mtu azime mashine kwa utaratibu.

Pili, televisheni uliyo nayo

Geuzeni televisheni mtazame nyuma. Kama kuna tundu la HDMI, mambo ni mepesi. Kama kuna matundu matatu ya rangi tu, nyekundu, nyeupe na njano, kuna njia mbili. Raspberry Pi 4 inaweza kutoa picha ya namna hiyo kupitia tundu lake la sauti, kwa waya maalumu. Kwa mashine nyingine mtahitaji kibadilishi cha HDMI kwenda waya tatu. Picha haitakuwa kali, lakini itaonekana.

Kompyuta nyingi ndogo za ofisini zilizotumika hazina HDMI. Zina tundu linaloitwa DisplayPort, ambalo linafanana na HDMI kwa mbali lakini waya wake hauingiliani nalo. Kibadilishi chake kiwe sehemu ya bei mnayopatana.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa kwa wazee: Raspberry Pi inaelewa amri za rimoti ya televisheni kupitia waya wa HDMI, kama televisheni nayo ina uwezo huo. Bibi anatumia rimoti anayoijua. Kompyuta ndogo nyingi za kawaida hazina uwezo huo, kwa hiyo mtanunua kibodi ndogo isiyo na waya au kutumia simu kama rimoti.

Tatu, aina za mashine zinazopatikana

*Visanduku vya Android.* Hivi ndivyo vilivyojaa madukani, navyo ni rahisi kwa bei. Hapa ndipo sisi tulipoanza. Tulinunua kimoja kilichoandikwa juu ya boksi uwezo mkubwa mno. Nyumbani tuligundua kwamba kumbukumbu halisi haikufika hata robo ya iliyoandikwa, na baada ya miezi mitano kilikufa. Mwezi wa Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwamba visanduku vingi vya namna hii, hasa visivyo na jina la kampuni inayojulikana, vimekutwa na programu haribifu zilizowekwa hata kabla ya kuuzwa. Programu hizo hutumia intaneti ya nyumba yako kwa kazi za wezi. Viko visanduku vizuri vilivyothibitishwa na Google, lakini vimetengenezwa kwa nyumba zenye intaneti ya kila siku. Rahisi ghali, wahenga walisema.

*Raspberry Pi.* Hii ni kompyuta ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa nia ya kuwafundisha vijana. Ni ubao mmoja tu, wenye ukubwa unaokaribia kadi ya mpiga kura. Pi 4 ilitoka mwaka 2019, Pi 5 mwaka 2023. Kwa kutazama video Pi 4 hula wati 5 hivi. Haina sehemu inayozunguka, haina kelele, na ikifungwa ndani ya kasha la chuma haihitaji feni.

Zingatieni kwamba bei ya ubao si bei ya mashine. Ongezeni adapta nzuri, kasha, kadi na waya, kwa maana matundu ya HDMI ya Pi 4 na Pi 5 ni madogo na yanataka waya wake. Pi 5 ina nguvu zaidi, lakini inapata moto na inahitaji feni, inataka adapta maalumu ya ampea 5, na haina tundu la sauti. Kwa nyumba ya batri inayotaka televisheni tu, Pi 4 ya GB 2 au 4 bado ni chaguo la busara. Ina upungufu mmoja: haina saa ya ndani. Pasipo intaneti, kila ikiwashwa inasahau tarehe. Pi 5 ina saa, ila betri yake ndogo inanunuliwa mbali.

*Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika.* Ni mashine kama OptiPlex Micro za Dell, ThinkCentre Tiny za Lenovo na EliteDesk Mini za HP. Ofisi za ng'ambo huziuza zinapobadilisha vifaa, nazo hutufikia kwa bei nafuu. Ni imara, zinafunguka kwa bisibisi, na fundi anaweza kubadilisha kumbukumbu na diski. Ndani ya nyumba mwanafunzi anaweza pia kuandikia memwari yake.

Jifunzeni kusoma jina la prosesa. Katika i5-6500T, namba ya kwanza baada ya kistari, 6, inaonyesha kizazi. Herufi T maana yake hula umeme kidogo kuliko wenzake. Kwa kazi yetu tafuteni kizazi cha 7 au zaidi; sababu tutaieleza hapa chini. Kuanzia cha 8 ndipo Windows 11 inapokubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaotumia Linux hawabanwi na hilo.

*Kompyuta ndogo mpya.* Tangu mwaka 2023 kampuni nyingi zimekuwa zikitengeneza visanduku vyenye prosesa ya Intel inayoitwa N100. Inakula umeme kidogo, inasoma karibu kila aina ya video, na visanduku vingi huja na kumbukumbu ya GB 8 au 16 na diski ya SSD ndani. Vingi vina feni ndogo. Goma, penye vumbi la mawe ya volkano, feni hiyo inahitaji kusafishwa. Uvira, penye joto, msikiweke ndani ya kabati lililofungwa. Kama fedha zinatosha na kuna simu nyingi nyumbani, hii ndiyo tungenunua leo.

Kwa nini video nyingine hukwama

Video hukunjwa ili iwe ndogo, kama nguo zinavyokunjwa ndani ya sanduku. Kila namna ya kukunja ina jina lake, na mashine lazima ijue kukunjua. Mashine yenye sehemu maalumu ya kukunjua namna fulani huonyesha picha laini huku ikila umeme kidogo. Isiyo na sehemu hiyo hulazimika kufanya kazi hiyo kwa nguvu za prosesa, ikapata moto, na picha ikakwama.

Namna ya zamani na iliyoenea ni H.264. Karibu kila mashine inaijua. Iliyofuata ni H.265, inayoitwa pia HEVC, ambayo hupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora ule ule, na simu nyingi za sasa hurekodi nayo. Raspberry Pi 4 na 5 zinakunjua H.265 vizuri. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 zinakunjua ile ya kawaida tu. Kizazi cha 7 kinakunjua pia ile yenye rangi nyingi zaidi, pamoja na VP9 inayotumiwa na YouTube. AV1, iliyotoka mwaka 2018, inakunjuliwa na N100, lakini si na Raspberry Pi.

Msiichukue orodha hii kama mzigo. Chukueni video tatu mnazozitazama kweli, ziwekeni kwenye flashi, mkazijaribu dukani. Jaribio hilo linashinda maneno ya muuzaji.

Nne, mahali pa kuhifadhi

Hapa ndipo penye roho ya jambo lote. Mashine ikifa mtanunua nyingine. Sauti ya marehemu hainunuliwi.

Fanyeni hesabu ya mahitaji. Hubiri la dakika 45 lililorekodiwa kwa sauti tu, kwa kiwango kinachotosha maneno, huchukua MB 22 hivi. Diski ya TB 1 ingebeba mahubiri zaidi ya elfu arobaini. Wimbo wa dakika tano ni MB 5 hivi. Video ndiyo inayojaza: simu ikirekodi kwa ubora mzuri inaweza kula MB 100 na zaidi kwa dakika, ndiyo kusema saa moja ya sikukuu ya kwaya ni GB 6 au zaidi. Kwa jamaa nyingi TB 1 inatosha kwa miaka mingi.

Diski ni za aina mbili. Ile ya kuzunguka ni nafuu kwa nafasi kubwa, lakini ikigongwa au kutikiswa ikiwa inafanya kazi huharibika. SSD haina kinachozunguka. Inavumilia barabara zetu na hula umeme kidogo, ila bei yake iko juu. Ushauri wetu: SSD kwa kazi ya kila siku, diski ya kuzunguka kwa nakala inayokaa kimya ndani ya sanduku.

Wanaotumia Raspberry Pi wasiweke hazina yao katika kadi ya microSD. Kadi hizo huchoka zikiandikwa mara nyingi, na umeme ukikatwa ghafula huweza kuharibika. Kadi iwe ya kuwashia mashine tu. Tena, matundu yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hayatoi zaidi ya ampea 1.2, diski mbili za kuzunguka zinaweza kuizidi nguvu.

Diski au flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Mkipata ujumbe wa kukataliwa wakati nafasi ipo, sababu ni hiyo. Ipangeni upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kisha nakala. Kitu kilicho mahali pamoja tu kihesabiwe kama kimekwisha kupotea. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine ikae nyumba nyingine: kwa ndugu, au katika ofisi ya kanisa. Mara moja kwa mwezi zilinganishwe.

Na majina. Tumepokea flashi zenye faili mia tatu zinazoitwa «video mpya» na «audio 7». Mali bila daftari hupotea bila habari. Anzeni jina kwa mwaka, mwezi na siku, kisha kitu chenyewe na mahali: 2024-06-16 Mahubiri Luka 15 Uvira. Mashine itazipanga yenyewe kwa tarehe.

Programu za kuweka

Programu inayotumiwa sana kwa televisheni ni Kodi. Ni ya bure, ilianza mwaka 2002, na tangu 2014 inaitwa kwa jina hilo. Inaonyesha nyimbo, video na picha kwa herufi kubwa, inakumbuka mlipoishia, na inaweza kuwekwa katika Kifaransa. Kodi haiji na sinema yoyote. Inaonyesha mlivyo navyo. LibreELEC ni mfumo mdogo unaowasha mashine na kuingia moja kwa moja ndani ya Kodi. Inafaa kwa Raspberry Pi na kompyuta nyingi za Intel, na kwa nyumba isiyo na fundi ndiyo njia nyepesi.

Kama mnataka simu za nyumbani zipate pia, kuna Jellyfin, nayo ni ya bure. Mashine inaunganishwa na rauta ya Wi-Fi, hata rauta isiyo na intaneti. Mtoto aliye chumbani anafungua wimbo kutoka kwenye diski ya sebuleni, bila mega hata moja. Kwa kazi hii N100 au kompyuta ya ofisi ni bora kuliko Raspberry Pi, kwa sababu simu ikishindwa kusoma faili, mashine hulazimika kuikunja upya papo hapo.

Kiwix nayo hutunza Wikipedia nzima na vitabu vingine vya kusoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni ndogo. Ile ya Kifaransa yenye picha inachukua makumi ya GB. Inapakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha watoto wa shule wanaisoma nyumbani.

Wafundisheni wote wa nyumba kuzima mashine kwa kutumia menyu, si kwa kuchomoa waya. Somo hili dogo huokoa diski nyingi.

Kuhusu sinema za barabarani

Sinema na nyimbo zinazouzwa kwa flashi barabarani mara nyingi zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe, na flashi hizo hubeba virusi. Tunajua umaskini wetu, lakini tuwafikirie waimbaji wetu. Kwaya hukusanya fedha mwaka mzima ili kurekodi albamu, na juma lile lile inapotoka, inasambazwa bure na watu wasiowahi kuchanga. Tununue kwa kwaya wenyewe, tuweke katika mashine yetu, tusiigawe.

Kabla ya kulipa

Dukani fanyeni haya bila haraka:

1. Washeni mashine kwenye televisheni ya duka, mcheze video zenu kutoka kwenye flashi kwa dakika kumi, mkiruka mbele na nyuma.
2. Fungueni sehemu ya mipangilio, msome kumbukumbu na diski. Msiamini boksi.
3. Igusieni mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Moto wa kutoa mkono si kawaida.
4. Kwa mashine iliyotumika, iwasheni mbonyeze F2, F1 au F10 kuingia katika mipangilio ya ndani. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iacheni. Ndani yake muangalie pia kama inaweza kuamriwa kujiwasha umeme ukirudi.
5. Adapta iwe ya mashine hiyo. Baadhi ya mashine zikikuta adapta ya kigeni hupunguza mwendo.
6. Diski na flashi mpya zipimwe kwa programu ya bure kama F3 au H2testw, kwa maana ziko zinazodanganya ukubwa wake: zinapokea faili, kisha faili hazifunguki.
7. Andikianeni karatasi ya siku ambazo mnaweza kurudisha.

Nyumba tatu

Jamaa ya kijijini yenye panno moja, batri moja na televisheni ndogo ya volti 12: Raspberry Pi 4, SSD ya GB 500, LibreELEC.

Jamaa ya mjini yenye umeme unaokatika, vijana wengi na simu nyingi: kompyuta mpya ya N100 ya volti 12, onduleri ndogo, rauta, Jellyfin.

Jamaa yenye fedha kidogo na mwanafunzi wa chuo: kompyuta ya ofisi iliyotumika, kizazi cha 8, ambayo mchana ni ya masomo na jioni ni ya wote.

Katika nyumba zote tatu, ongezeni diski ya nakala. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, nunueni mashine ya chini, msiiondoe diski.

Tena, kabla hamjanunua chochote, kuna kazi isiyo na bei. Jioni ya leo kusanyeni simu zote mezani. Kila mmoja aseme ni sauti gani au picha gani iliyo kwake tu na haipo mahali pengine. Ziandikeni katika daftari. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia mnahitaji mashine ya namna gani, na ni kitu gani kinakiliwe kwanza, hata kesho asubuhi, kwa flashi ya kuazima.